Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: Nani amepewa kazi ya kusimamisha dawa?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mganga Mkuu wa Serikali. Mfamasia Mkuu wa Serikali. Na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

YAH: UTEKELEZAJI WA MIONGOZO YA KUPUNGUZA DAWA ZISIZO ZA LAZIMA KWA WAZEE NA WAGONJWA WA MUDA MREFU

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya halmashauri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhudumia dirisha la dawa siku za kliniki ya presha na kisukari. Nchi yetu inao Mwongozo wa Matibabu, inayo Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na hospitali zetu zinatakiwa kuwa na Kamati za Dawa na Tiba. Katika mazungumzo ya kitaaluma siku hizi linasikika pia wazo la kuwa na miongozo ya kuwapunguzia wazee dawa, kama ilivyofanyika Canada, Ireland na Australia. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba tutauandika mwongozo huo, tutauzindua, tutausambaza mikoani, na kwenye dirisha langu hakitabadilika kitu, kwa sababu kila sehemu ya mfumo wetu inajua namna ya kumwanzishia mgonjwa dawa, na hakuna sehemu hata moja iliyopewa kazi, muda na mamlaka ya kuisimamisha.

Mgonjwa ninayemzungumzia, kila mfamasia wa wilaya anamfahamu. Ni bibi aliyevuka miaka 70, anayekuja kliniki na dawa zake zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Ukimwomba azimwage mezani, zinatoka karatasi za vidonge zilizokatwa vipandevipande, pamoja na bahasha ndogo zilizoandikwa 1x3 au 1x1 bila jina la dawa. Ukizipanga kwa mfuatano wa kuanza kwake, historia nzima inajitokeza. Ya kwanza ni diklofenaki ya magoti, aliyoandikiwa kwa siku chache na ambayo tangu hapo anaendelea kuinunua mwenyewe duka la dawa. Diklofenaki huufanya mwili ubakize chumvi na maji, hivyo presha yake ikapanda, akaanzishiwa amlodipini. Amlodipini ikamvimbisha miguu, jambo linalojulikana kabisa kwa dawa hiyo, lakini alipokwenda kituo kingine uvimbe ule ulichukuliwa kuwa ugonjwa mpya, akapewa furosemidi ya kukojosha. Sasa anaamka kila mara usiku kwenda msalani, usingizi haupati, na mtu fulani amemwongezea diazepamu. Tumbo nalo linawaka moto kwa ajili ya ile diklofenaki, kwa hiyo anameza omeprazoli. Hizo ni dawa tano, na nne kati yake zipo kwa sababu ya ile ya kwanza. Hapo hatujagusa sukari.

Nikimuuliza, "Bibi, hiki kidogo cheupe unakimeza kwa ajili ya nini?" jibu huwa ni lilelile: "Sijui mwanangu. Walinipa kule, wakaniambia nisiache."

Hakuna mtoa huduma katika mlolongo huo anayeweza kunyooshewa kidole peke yake. Kila mmoja alitibu alichokiona siku hiyo, mbele ya foleni ndefu, akiwa na daftari la kliniki ambalo ukurasa wake wa mwisho unasema "aendelee na dawa zilezile." Madhara yake hayaonekani kwenye takwimu zetu. Diazepamu hukaa kwenye mwili wa mzee muda mrefu kuliko kwenye mwili wa kijana. Bibi huyu anapoamka gizani kwenda choo cha nje, kichwa kizito kwa usingizi na presha imeshuka kwa dawa mbili, akateleza na kuvunjika nyonga, kwenye rejesta ataandikwa kuwa ni majeruhi wa kuanguka. Dawa haitatajwa, na fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kuripoti madhara ya dawa haitajazwa na mtu yeyote.

Kuhusu dawa zipi zinapaswa kuangaliwa upya, elimu ipo na haijaanza jana. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1985 ulifanyika hapa jirani, Nairobi, na ndio uliotoa maelezo ya matumizi sahihi ya dawa tunayofundishwa vyuoni mpaka leo: dawa inayolingana na hitaji la mgonjwa, kwa kipimo chake, kwa muda unaotosha, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Mwaka 1991 Mmarekani Mark Beers alitoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee, ambayo imekuwa ikihuishwa mpaka toleo la 2023. Wataalamu wa Ireland walitoa vigezo vya STOPP na START mwaka 2008. STOPP inahusu dawa za kusimamisha, na START inahusu zile ambazo mzee alistahili kupewa akanyimwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na kati ya maeneo yake matatu ya kipaumbele, moja ni wagonjwa wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja na jingine ni mgonjwa anapohama kutoka mikono ya kituo kimoja kwenda kingine. Hata Orodha ya Dawa Muhimu ya shirika hilo inasema waziwazi kwamba glibenklamidi, dawa ya kisukari, haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwa sababu inaweza kuishusha sukari yao kupita kiasi na kwa muda mrefu. Pamoja na hayo yote, glibenklamidi bado nakutana nayo kwenye madaftari ya wazee.

Kwa hiyo tatizo liko kwingine, na kubwa zaidi ni la madaraka. Tabibu wa kituo cha afya anapompokea mzee aliyetoka hospitali ya rufaa na dawa nane, hathubutu kufuta hata moja, kwa kuwa zimeandikwa na bingwa. Bingwa naye hatamwona tena mzee huyo kwa miezi sita, pengine asimwone kabisa. Nesi wa kliniki anajua kwamba mgonjwa analalamika kizunguzungu, lakini kuandika si kazi yake. Mfamasia ndiye anayeziona dawa zote mezani kwa pamoja, na kisheria anaruhusiwa kuhoji, ila kuhoji maana yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye foleni ya daktari aliyotoka kuisotea kwa saa tatu, na mara nyingi daktari huyo anarudisha cheti kilekile kwa sababu hajui mwenzake alikusudia nini. Dawa inabaki, na kila mmoja wetu ametimiza wajibu wake.

Ndiyo maana naomba jambo ambalo linaweza kuonekana dogo. Kila dawa ya muda mrefu inayoandikwa kwa mtu aliyefikisha miaka 60 iandikwe pamoja na sababu yake na tarehe ya kuiangalia upya, na muhtasari wa kumruhusu mgonjwa kutoka wodini useme ni dawa zipi za kuendelea, zipi zilikuwa za wodini tu, na zipi zikome lini. Mifumo ya kielektroniki inayotumika hospitalini, GoTHOMIS ikiwemo, ilifanye hilo kuwa la lazima, yaani cheti kisipite bila hiyo tarehe. Tarehe ikishapita na hakuna aliyethibitisha upya, tabibu wa kituo cha chini awe na ruhusa ya maandishi ya kupunguza au kusimamisha dawa zilizotajwa kwenye mwongozo, bila kuogopa kuitwa kujieleza. Baraza la Famasi na Baraza la Madaktari Tanganyika wakae meza moja waainishe mfamasia anaweza kufanya nini mwenyewe, nini lazima apendekeze kwa daktari, na daktari ajibu ndani ya muda gani. Bila karatasi hiyo, mwongozo wowote utabaki ushauri, na ushauri wa mtu wa chini kwa mtu wa juu tunajua unavyopokelewa katika hospitali zetu.

Kwamba mfamasia na mgonjwa wakipewa nafasi jambo linawezekana, hilo limeshapimwa. Huko Quebec, Canada, watafiti waliwapelekea wazee waliokuwa wakitumia dawa za usingizi za jamii ya diazepamu kijitabu cha lugha nyepesi kinachoeleza hatari zake na namna ya kuziacha polepole. Baada ya miezi 6, asilimia 27 ya waliopata kijitabu walikuwa wameziacha, wakati kwa wasiokipata ni asilimia 5 tu; matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Katika utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2018, mfamasia alimpa mgonjwa kijitabu na wakati huohuo akamwandikia daktari maoni yenye ushahidi. Safari hii walioacha dawa zisizofaa walifika asilimia 43, dhidi ya asilimia 12 ya wale waliohudumiwa kama kawaida. Sidai kwamba namba hizo zitajirudia Sikonge au Newala. Wazee wetu hawaletewi barua nyumbani, na wengi hawasomi maandishi madogo. Lakini tunalo benchi la kliniki, ambapo kila asubuhi nesi hutoa elimu ya afya kabla ya daktari kuanza, na hadhira yake ni wazee walewale tunaowatafuta. Somo la asubuhi hiyo kwa kawaida ni chumvi, mafuta na mazoezi. Linaweza mara moja kwa mwezi kuwa "njoo na dawa zako zote, hata za kienyeji na za dukani, tuziangalie pamoja."

Waheshimiwa, sisi wenyewe tumewahi kuondoa dawa isiyo ya lazima kwa kiwango cha nchi nzima, ingawa hatukuiita hivyo. Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka kikateremka mpaka zahanati za vijijini. Wahudumu walipinga, wagonjwa walinung'unika, wengine walipima wakakuta hakuna kitu na bado wakaandika dawa mseto ya malaria. Tabia ilibadilika pole pole kwa sababu mhudumu alikuwa na kitu cha kumwonyesha mgonjwa, na kwa sababu kila mwezi kituo kiliulizwa kimepima wangapi, kimekuta wangapi na kimetoa dozi ngapi. Kwa maoni yangu kuulizwa huko kulifanya kazi kubwa kuliko semina zote. Lakini zoezi lile lina fundisho la pili ambalo hatukulishughulikia mapema: tafiti katika nchi kadhaa zilionyesha kwamba mgonjwa asiyekutwa na malaria aliondoka na antibayotiki badala ya mseto. Mtoa huduma alinyang'anywa dawa moja bila kupewa jibu mbadala kwa mtu aliyekuja na homa, akachukua iliyokuwa karibu. Bibi wa magoti naye akinyimwa diklofenaki bila kuelezwa mazoezi, parasetamoli na dawa ya kupaka, atainunua jioni hiyohiyo akielekea nyumbani.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa kuwa hakuna anayetaka kulisema jambo hili kwenye vikao. Bima inakilipa kituo kwa huduma na dawa zilizotolewa. Kwa mgonjwa wa fedha taslimu, mauzo ya dawa ni tegemeo la mapato ya ndani ya hospitali, na Mganga Mfawidhi hupimwa kwa mapato hayo. Mfamasia anayekaa dakika 20 na mzee mmoja akamwondolea dawa tatu ameipunguzia hospitali mapato kwa muda uleule ambao angehudumia wagonjwa wengine kumi, na hakuna popote kazi hiyo inapoandikwa. Simtuhumu mtu kwamba anaandika dawa ili apate fedha. Ninachosema ni kwamba mfumo wa malipo unaohesabu vidonge vilivyotoka tu hauwezi kutarajiwa kuleta upungufu wa vidonge. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kulirekebisha hili kabla mazoea hayajahamia kwenye mfumo mpya: mapitio ya dawa yawekwe kwenye kitita cha mafao ya bima kama huduma inayolipwa, mara moja kwa mwaka kwa kila mwanachama aliyefikisha miaka 60 anayetumia dawa tano au zaidi, na mara moja ndani ya mwezi mmoja baada ya kulazwa. Mfuko nao utanufaika, maana utaacha kulipia dawa za kutibu madhara ya dawa nyingine.

Hapa naomba nisisomwe vibaya, kwani hoja yangu inaweza kutumiwa na mtu mwenye nia nyingine. Nchini mwetu wapo watu wengi sana wenye presha na kisukari ambao hawapati dawa yoyote, wapo wanaomeza siku ya kliniki tu, na wapo wanaorudi mikono mitupu kwa kuwa rafu zetu zimekauka. Upungufu huo usije ukavikwa vazi la mwongozo. Kusimamisha dawa kwa sababu imechunguzwa ikaonekana haihitajiki, na kumwambia mgonjwa aende bila dawa kwa sababu Bohari ya Dawa haijaleta, ni mambo mawili tofauti, na daftari lake lionyeshe ni lipi limetokea. Mwongozo pia uwe mkali kuhusu dawa ambazo hazipaswi kuguswa dirishani hata kidogo: ARV, dawa za kifua kikuu, dawa za kifafa, insulini. Nyingine zinapunguzwa kwa hatua tu. Anayetumia propranololi au atenololi kwa ajili ya moyo akiikatisha ghafla anaweza kupata maumivu makali ya kifua, na aliyezoea prednisoloni mwili wake unaweza kushindwa kujimudu. Diazepamu yenyewe, wataalamu wa Canada wanashauri ipunguzwe kwa robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na kuelekea mwisho kwa hatua ndogo zaidi. Mzee anayekatishwa siku moja atakesha usiku tatu mfululizo, atarudi dukani, na kuanzia hapo hatamwamini tena mtu yeyote atakayemwambia aache dawa.

Uingereza ilipofanya mapitio ya serikali mwaka 2021, ilikadiria kwamba angalau asilimia 10 ya dawa zinazoandikwa katika huduma za msingi hazikuhitajika. Namba hiyo isihamishiwe kwetu, kwa kuwa kule kila mtu ana daktari wake na rekodi moja, na wahudumu wetu hawafanyi kazi katika hali hiyo. Naitaja kwa sababu moja tu: wao walihesabu kwanza.

Ombi langu basi ni kuanza padogo na kuhesabu. Chagueni dawa tano ambazo ushahidi wake hauna mabishano makubwa. Napendekeza diklofenaki ya kila siku kwa mzee mwenye presha au figo dhaifu. Diazepamu ya usingizi iliyozidi wiki nne. Omeprazoli iliyozidi wiki nane bila sababu iliyoandikwa, isipokuwa kwa anayeihitaji kulinda tumbo dhidi ya dawa nyingine ya lazima. Glibenklamidi kwa aliyevuka miaka 60. Na aspirini ya kila siku kwa mzee ambaye hajawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Kuhusu hiyo ya mwisho, utafiti uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee zaidi ya 19,000, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila iliongeza hatari ya kutokwa damu kwa kiwango kikubwa. Glibenklamidi isiondolewe mpaka gliklazidi au mbadala mwingine uwe umefika kituoni, na Bohari ya Dawa ishirikishwe tangu siku ya kwanza katika hilo.

Chagueni halmashauri chache, za mjini na za vijijini, kwa mwaka mmoja. Kila moja itoe siku moja ya kliniki kwa mwezi kwa ajili ya mapitio, daktari au tabibu akae chumba kimoja na mfamasia, mgonjwa aje na dawa zote, na ndugu anayemtunza aje naye, kwa sababu mara nyingi ndiye anayekwenda duka la dawa. Wenye maduka ya dawa muhimu wa eneo hilo waitwe waelezwe, la sivyo tutakuwa tunachota upande mmoja huku upande wa pili unajazwa. Kila mwezi Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Halmashauri ipokee ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali manne: wamepitiwa wangapi, dawa ngapi zimesimamishwa au kupunguzwa, ngapi zimelazimika kurudishwa ndani ya miezi mitatu, na wangapi wameanguka au kulazwa kwa sukari kushuka. Swali la tatu msilifute hata kama majibu yake hayatapendeza, kwa kuwa ndilo litakalotuambia kama tunapunguza dawa kwa busara au tunafuta tu.

Mwisho, waraka utakaotoka, kama utatoka, utaje kwa cheo nani katika kila kituo anawajibika kwa mapitio hayo. Ukiandikwa kwamba "watoa huduma wote wahakikishe," nakala yangu nitaipokea, nitaisaini, na nitaiweka kwenye faili pamoja na nyingine.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfamasia, hospitali ya halmashauri